Mshale Uko Katikati: Tunachokosea Tunapoyasema Magari ya Kijerumani

Mwezi uliopita nilikaa gereji moja hapa Dar kuanzia asubuhi hadi alasiri nikimsindikiza baba mdogo. Gari lake, sedani ya Kijerumani ya mwaka 2004 (nembo naiacha, mwenyewe hataki kuchekwa), lilichemsha kwenye foleni ya Ubungo. Fundi alifungua boneti, akashika tanki dogo la kulenti kwa vidole viwili, akabonyeza kidogo tu, shingo ya tanki ikakatika kama biskuti. Akaiinua tuione.

"Mzee, hizi gari ni kimeo. Mjerumani siku hizi anatengeneza plastiki."

Watu wote waliokuwa pale walitikisa kichwa kukubali. Hata baba mdogo. Mimi nilinyamaza kwa sababu si adabu kubishana na fundi akiwa ameshika gari lako, lakini sentensi ile imenikaa kichwani, na leo nataka kuijadili kwa sababu inarudiwa kila mahali na ina nusu ya ukweli. Na nusu ya ukweli kwenye gari la kununua kwa akiba ya miaka sita ni hatari kuliko uongo mzima.

Kuna makambi mawili kwenye mada hii. Moja linasema magari ya kifahari ya Kijerumani yakizeeka ni takataka, usiguse. La pili, ambalo mara nyingi ni la madalali na wenye magari wenyewe, linasema gari halina shida kabisa, shida ni mafundi wetu na watu wanaokwepa servisi. Nadhani yote mawili yanakosea, na yanakosea kwa sababu hakuna anayejisumbua kuuliza swali la kikemia: ile shingo ilikatika kwa nini?

Tanki lile, kama matanki mengi ya aina yake, ni nailoni 66 iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo, kwa kawaida asilimia 30 ya uzito. Ikiwa mpya ni imara sana, ukiipiga na nyundo inakurudishia nyundo. Nailoni ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, na viungo vya mnyororo huo viliundwa kiwandani kwa mmenyuko unaotoa maji: kila kiungo kilipofungwa, molekuli moja ya maji ilitoka. Sasa chukua mnyororo huo, uloweke kwenye maji ya moto yaliyochanganywa na glaikoli, uuache humo miaka kumi na zaidi. Mmenyuko unarudi kinyumenyume. Maji yanaingia kwenye kiungo na kukikata. Kitaalamu inaitwa haidrolisisi. Minyororo inakuwa mifupi, na plastiki iliyokuwa inajikunja kidogo ikipigwa sasa inavunjika bila onyo. Kwa nje unaona tu rangi nyeusi imepauka na kuwa ya kahawia.

Kasi ya jambo hili inategemea joto. Wanakemia wana kanuni ya mkono, si sheria, kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka huongeza kasi ya mmenyuko kama mara mbili. Shikilia hapo.

Nenda kwenye BMW za vizazi vya E39 na E46, za kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, ambazo ndizo mfano maarufu wa ugonjwa huu duniani kote: tanki la kulenti, shingo ya rejeta, kasha la termostati, vyote plastiki, na vyote hufa kwa kufuatana kama ndugu. Injini ya silinda sita ya M54 ina termostati inayoanza kufunguka kwenye nyuzijoto 97. Kwenye V8 ya M62 ya miaka ya mwisho ni 105. Injini zilizotangulia zilikuwa chini ya hapo. Kwa hiyo si plastiki peke yake. Ni plastiki iliyowekwa kwenye maji ya moto zaidi kuliko yale ya zamani, kwa makusudi.

Makusudi gani? Oili ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, msuguano unapungua, injini inatumia mafuta kidogo zaidi na inatoa moshi safi zaidi. Wahandisi wa Munich walikuwa wanabanwa na sheria za hewa chafu za Ulaya na Marekani. Wakaweka termostati yenye kinyweleo cha umeme ndani ya nta yake: ukiendesha polepole, injini inaachwa ipate joto, ukikanyaga, kompyuta inaipasha nta ile, termostati inafunguka zaidi na joto linashushwa. Kusema kweli ni wazo zuri sana. Mimi nikilisoma mara ya kwanza nililipenda.

Lakini maji ya nyuzijoto 105 yangechemka kama hakuna mgandamizo, kwa hiyo kifuniko cha tanki kimewekwa kuhimili bar 2 juu ya hewa ya kawaida. Kwenye mgandamizo huo maji matupu huchemka karibu na nyuzijoto 133. Ni presha kuka, ile ile inayopikia maharage nyumbani. Na wote tunajua presha kuka ikifunguka ghafla inakuwaje. Shingo ya tanki ikikatika, mgandamizo unashuka ndani ya sekunde, maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzijoto 110 yanageuka mvuke hapo hapo, na dakika chache baadaye hedi ya aluminiamu haina maji. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kalibu kwa joto lile lile. Hedi inapinda, gasketi inakufa. Kwenye M54 kuna jambo baya zaidi: bloku nayo ni aluminiamu, na nyuzi za skrubu zinazoshikilia hedi hung'oka kwenye bloku ikipata joto kupita kiasi. Tanki la bei ndogo limeua injini nzima.

Sasa nifike kwenye hukumu yangu, maana hii ni makala ya uhakiki, si somo la kemia tu.

Kutumia plastiki nawasamehe. Fundi akisema "Mjerumani anatengeneza plastiki" anasahau kwamba rejeta ya Toyota aliyoibadilisha jana nayo ina matanki ya plastiki juu na chini. Kila mtu anatumia. Ni nyepesi, haishiki kutu, inafinyangwa kwa umbo lolote. Kupandisha joto nako nawasamehe, sababu zake ni za kweli na faida yake iko kwenye pampu ya mafuta.

Nisichowasamehe ni mshale.

Kwenye magari hayo ya E39 na E46 mshale wa joto hauonyeshi joto. Programu imeupanga ukae katikati kabisa kuanzia takriban nyuzijoto 75 hadi karibu 115. Ndani ya upana wote huo, mshale hausogei. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba wateja walikuwa wanaona mshale unapanda na kushuka kidogo, wanaingiwa hofu, wanarudisha gari kwa wakala. Basi wakautuliza. Yaani walichukua chombo cha kupimia wakakigeuza picha. Dereva anaangalia dashibodi, anaona mshale uko katikati kama jana na juzi, anaridhika. Ukianza kusogea, tayari umechelewa. Na kama maji yameshaisha, kihisio kinaweza kuwa kinakaa kwenye mvuke badala ya maji, basi hata huo usomaji wa mwisho haueleweki.

Sisi tunaofanya kazi za maabara tunafundishwa mwaka wa kwanza kwamba ukilainisha data lazima useme umelainisha. Hapa hawakusema. Mfumo ambao umeamua kuishi karibu zaidi na kuchemka ndio ulihitaji kipimo cha kweli zaidi, na ndio uliopewa kipimo kinachobembeleza. Hilo si la plastiki wala la fundi wa Dar. Ni uamuzi wa mtu aliyekaa kwenye kiti akafikiri kuhusu mteja wa kwanza, yule mwenye gari jipya la miaka mitatu na dhamana, ambaye tanki lake halitavunjika mikononi mwake.

Na sisi huku tuna makosa yetu, tusijifanye. Gari likichemsha mara mbili, dawa ya kwanza ya gereji nyingi ni kung'oa termostati. "Huku kwetu joto, haina kazi." Jamani. Kwanza, injini ikikaa baridi mno kompyuta inadhani bado inawaka asubuhi, inaongeza petroli. Petroli isiyoungua inateremka kwenye pete za pistoni hadi kwenye oili. Maji yanayotokana na mwako nayo hayapati joto la kutosha kuvukizwa kutoka kwenye oili. Pili, na hili wengi hawalijui, termostati za aina nyingi hufanya kazi mbili: zikifungua njia ya rejeta, hufunga njia ya mkato inayorudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa. Unaweza ukawa na injini baridi mno ukiwa Bagamoyo usiku na inayochemka ukipanda Kitonga na mzigo, gari lile lile.

Halafu maji ya kisima. Baadhi ya visima vya Dar vina chumvi, na kloridi hutoboa ile ngozi nyembamba ya oksaidi inayoilinda aluminiamu. Kulenti si rangi ya kupamba, ina kemikali za kuilinda ngozi hiyo. Nimemaliza hapo.

Neno la pili ninalotaka kulihakiki ni "ya maisha".

BMW kwa miaka mingi iliandika kwamba oili ya giaboksi za otomatiki haibadilishwi, ni ya maisha. Giaboksi zenyewe nyingi, kama ile ya gia sita iliyoanza na 7 Series mwaka 2001, zilitengenezwa na kampuni ya ZF. ZF wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka minane. Mtengenezaji wa kifaa anasema badilisha, muuzaji wa gari anasema usiguse. Maisha ya nani basi? Ukifikiria kama mtu wa mauzo, maisha ya gari ni ule muda lipo kwenye mikono ya mteja wa kwanza na wa pili. Sisi hapa ndio mteja wa nne.

Oili ya injini ndiyo stori hiyo hiyo kwa sauti ya chini. Katika miaka ya mwisho ya 1990 na ya 2000, mafuta bora na kompyuta viliruhusu vipindi vya servisi vifike hadi kilomita 25,000 au 30,000, au miaka miwili. Kwa mtu anayeendesha saa mbili kwa siku kwenye barabara kuu ya Ujerumani, injini ikiwa moto na inazunguka kwa utulivu, inaweza kuwa sawa. Kwa anayekwenda kilomita nne kununua mkate na kurudi, si sawa.

Angalia cheni ya injini ya M271, ile lita 1.8 iliyoanza mwaka 2002, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Kompressor kwenye C-Class. Huko mitaani wanasema cheni "imevutika". Chuma hakijavutika. Kila pini ya cheni inazunguka ndani ya bushi yake, na kati yao kuna utando mwembamba wa oili. Oili ikiwa imechoka, ina masizi na petroli, pini inakula bushi. Chukua hesabu ya mfano: pini 100, kila moja ikilika milimita 0.02 tu, cheni nzima imerefuka milimita 2. Kamishafti sasa inachelewa, na kikaza-cheni kinafika mwisho wa urefu wake. M111 iliyotangulia ilikuwa na cheni ya safu mbili. M271 ina ya safu moja, nyepesi na yenye msuguano mdogo. Uamuzi ule ule tena, na sababu ile ile. Dalili yake ni kelele ya kokoto kwa sekunde chache unapowasha asubuhi. Meno ya magurudumu ya kamishafti nayo yanalika, na siku cheni ikiruka meno, valvu zinakutana na pistoni.

Ndugu yake mkubwa, V6 ya M272, alikuwa na gurudumu la shafti ya usawazishaji ambalo lilikuwa laini kuliko lilivyopaswa, kwenye injini za hadi mwaka 2006 hivi. Kulibadilisha kunahitaji injini itolewe nje. Hilo si suala la servisi wala hali ya hewa, ni kosa la kiwanda, na Marekani watu waliishia mahakamani. Naliweka hapa ili wale wa kambi ya "ukitunza halina shida" walione.

Nimekwisha kusema mteja wa nne. Magari mengi ya namna hii yanayofika Dar na Mombasa yanatoka Japani, na tangazo linasema kilomita 60,000. Watu wanashangilia. Mimi naona kengele. Gari la miaka 12 lenye kilomita 60,000 limetembea wastani wa kilomita 14 kwa siku, na kuna uwezekano mkubwa zilikuwa safari fupi za mjini, kuwasha na kuzima. Nailoni haihesabu kilomita, inahesabu saa za joto na miaka. Mpira ndiyo kabisa. Mpira asilia na baadhi ya mipira ya viwandani ina viungo maradufu kwenye molekuli, na ozoni iliyoko hewani inavikata hata gari likiwa limepaki chini ya mwembe. Kenya wanazuia magari yaliyozidi miaka minane, sisi tuna ushuru wa uchakavu. Sheria zote mbili angalau zinahesabu miaka. Mnunuzi yeye anaangalia kilomita.

Ndivyo inavyokufa saspensheni ya hewa ya S-Class ya W220, iliyotoka mwaka 1998. Puto la mpira linapata nyufa pale linapojikunja. Hewa inavuja kidogo, usiku gari linainama kona moja kama mtu aliyelala vibaya. Asubuhi kompresa inapandisha. Kesho tena. Kompresa ile haikutengenezwa kufanya kazi muda mrefu mfululizo, inapata joto, inaungua. Mtu ananunua kompresa mpya, anaacha puto lile lile lenye nyufa, miezi michache baadaye anasema kompresa za Kariakoo ni feki. Inawezekana ni feki kweli. Lakini hata halisi ingekufa.

Bado kuna wale wa "Mjerumani wa zamani alikuwa chuma". Wanaonyesha W123 inayotembea hadi leo, na ni kweli inatembea. Tunachoona ni zile zilizobaki. Zilizokufa hazipo barabarani kutoa ushahidi. Na ukitaka mfano wa zamani: Mercedes za takriban 1992 hadi 1995, zikiwemo W124 za mwisho ambazo watu wanaziabudu, ziliwekewa nyaya za injini ambazo ganda lake linamomonyoka kwa joto hadi shaba inabaki wazi na nyaya zinashikana. Hakukuwa na zama za dhahabu. Wala Toyota haina kinga: waulize wenye 2AZ-FE kuhusu nyuzi za skrubu za hedi kung'oka nyuma ya bloku. Tofauti ni kwamba ikitokea kwenye Toyota, spea ipo duka la tatu na fundi ameshaifanya mara hamsini. Hilo ni jambo la soko na maarifa yaliyosambaa. Ubora wa chuma hauhusiki.

Kwa hiyo nikiulizwa "ninunue nisinunue" sitajibu. Nitauliza una bajeti gani baada ya kununua. Kama pesa yote inaishia kwenye bei ya gari, basi huna pesa ya gari hilo, hata likiwa zima. Tanki, rejeta, kasha la termostati, pampu ya maji na mipira yake vibadilishwe vyote pamoja siku ya kwanza, hata kama "bado vizuri", kwa sababu vina umri mmoja na vimelowekwa kwenye maji yale yale. Oili kila kilomita 7,000 au 8,000, kitabu kiseme kinavyosema.

Baba mdogo alinunua tanki jipya, akakataa kubadilisha vingine. Tulibishana kistaarabu, nikashindwa. Ila alikubali kitu kimoja: kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma joto halisi kwenye simu. Jumamosi alikwenda nacho Morogoro. Saa nne asubuhi simu yangu ikaita, yuko Chalinze kando ya barabara, taa za hatari zinawaka.

"Mwanangu, mshale uko katikati lakini hii simu inaniambia 99. Nimuamini nani?"

Nikamwambia amini simu, na kwamba 99 kwa injini yake ni kawaida kabisa. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa natembea na 99 na sijui?"

"Ndiyo, baba."

Akaniambia nisubiri kwenye simu, anashuka kuligusa tanki.

"Baba, usifungue kifuniko!"